Watemi, Pamba na Sauti ya Umma: Mfarakano wa Wahafidhina katika Nchi ya Ntuzu na Jirani Zake

Waandishi wa tarikhi ya kupigania uhuru wa Tanganyika aghalabu huwapanga watemi wote upande mmoja na TANU upande wa pili, kana kwamba palikuwa na majeshi mawili yaliyotazamana uwanjani. Mpango huo, japo ni mwepesi kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, hauwiani na mambo yalivyokwenda Usukuma ya mashariki, katika nchi iliyokuwa zamani wilaya ya Maswa na ambayo tangu mwaka 2012 ni sehemu kubwa ya mkoa wa Simiyu wenye makao yake Bariadi. Rai yangu ni kwamba wahafidhina wa huko walikwisha kugawanyika wao kwa wao kabla ya chama chochote cha siasa kuwafikia, na kwamba mgawanyiko huo, uliozaliwa na amri za mifugo na bei ya pamba, haukufa na utemi bali ulihamia ndani ya vyama vilivyourithi.

Ntuzu, Itilima, Kanadi, Mwagala, Meatu: hizi zilikuwa himaya zenye watemi wao, kila moja na ngoma zake na nasaba yake, na hapakuwa na sultani mmoja wa Wasukuma wote. Mtemi alikuwa mwenye mvua kabla hajawa mwenye amri. Banang'oma, wazee wa baraza la utemi, ndio waliomchagua katika ukoo unaostahili, na mvua zikikatika mwaka hata mwaka, wao hao waliweza kumwondoa na kumsimika mwingine. Chini yao vijana wa kila kijiji walikuwa na jamii yao ya kulima na kucheza ngoma, iliyoongozwa na nsumba ntale, mtu wa kawaida asiye na damu ya kitemi, ambaye neno lake juu ya kazi za pamoja lilisikilizwa pengine kuliko la mwanangwa aliyewekwa na mtemi. Naitaja taasisi hii makusudi, madhali wengi hudhani kwamba siasa ya umma ililetwa Usukuma na wasomi wa Mwanza, ilhali umma ulikuwa na viongozi wake na shura yake tangu zamani, na mtemi mwerevu alijua mipaka ya kuwaudhi.

Waingereza waliivuruga mizani hiyo pasina kukusudia. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, alianzisha utawala wa kupitia wenyeji, na sheria ya mwaka 1926 ikamfanya mtemi kuwa mtu wa serikali mwenye mshahara, mahakama na daftari la kodi. Hakuondolewa tena na wazee kwa sababu ya ukame. Aliondolewa na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, kwa sababu ya hesabu. Hata hivyo watu hawakuacha kumtazamia mvua, na hivyo mtemi akawa na mabwana wawili wasiopatana. Baada ya Vita Kuu ya Pili himaya za Usukuma nzima, karibu hamsini kwa jumla, zilikusanywa katika shirikisho lililokuwa na makao yake Malya, na mtaalamu wa serikali wa mila, Hans Cory, akaandika sana juu ya namna ya kuingiza raia wa kawaida katika mabaraza ya watemi, jambo ambalo wapo watemi waliolipokea na wapo waliolichukia.

Kisha ukaja ule mpango wa maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo. Maofisa waliona kwamba ardhi imechoka na ng'ombe wamezidi malisho. Dawa yao ilikuwa amri: matuta yafungwe mashambani, samadi itumike, mihogo ipandwe, watu wahamie nchi tupu za Geita, na kila mwaka sehemu ya mifugo ipelekwe mnadani ipende isipende. Baadhi ya kanuni hizo, tukisema kweli, zilikuwa na maana ya kilimo, na malambo yaliyochimbwa yalinywesha mifugo mingi. Lakini ng'ombe kwa Msukuma ni mahari, ni akiba, ni fidia na heshima, na aliyetumwa kumwamuru auze hakuwa Mwingereza. Alikuwa mtemi na wanangwa wake, na faini ilitozwa katika baraza la mtemi. Waliokuwa na haki ya kuitwa walinzi wa mila ndio waliosimamia kuuzwa kwa kitu ambacho mila ilikitukuza kuliko vyote. Wapo watemi waliotekeleza kwa bidii na wakasifiwa Malya. Wapo waliofumba macho, wakapata sifa nyumbani na karipio ofisini. Mfarakano wa wahafidhina ulianzia hapo, zizini.

Upande wa pamba mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mkulima wa Maswa aliuza kwa mnunuzi mwenye asili ya Kiasia, naye alishuku, mara nyingi kwa haki, kwamba mizani inamwibia. Paul Bomani na wenzake, waliokwisha kujifunza kazi ya hadhara katika Sukuma Union na katika TAA, chama kilichoitangulia TANU, ya Jimbo la Ziwa, walianza kwa jambo dogo lenye nguvu kubwa, la kuweka watu wao wa kuangalia mizani. Kutoka hapo vikatoka vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaandikishwa ushirikiano wa vyama uliojulikana kwa herufi VFCU, ambao haukupita muda mrefu ukawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika bara la Afrika. Serikali ilikuwa imekataa kuandikisha matawi ya TANU katika Usukuma tangu mwishoni mwa 1954, na katazo hilo likadumu hadi 1958. Kwa hiyo ushirika, ambao haukukatazwa, ukabeba hamu yote ya siasa. Uzalendo wa huko, basi, ulipata umbo lake sokoni, na tangu siku hizo ulikuwa na chembe ya chuki juu ya mgeni mwenye duka, chembe ambayo viongozi waliotaka waliweza kuichochea na wasiotaka walilazimika kuituliza.

Watemi wakubwa walijipanga kila mmoja kwa akili yake. Kidaha Makwaia wa Usiha, upande wa Shinyanga, aliyesoma Tabora, Makerere na Oxford, alikuwa miongoni mwa Waafrika wawili wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945, akapanda hadi Baraza la Utendaji, kisha akauacha utemi wake kabla ya wimbi kuu kufika. Aliamini mabadiliko ya taratibu, akapoteza imani ya pande zote mbili, na baada ya uhuru alihamishiwa Tunduru kwa muda. Majebere wa Mwagala, huko Maswa, alikuwa mtu wa tabaka la watemi waliojua kutawala na hawakuona haya kutawala. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, jirani wa kusini-magharibi, aliingia TANU akiwa mtemi. Na Nyerere mwenyewe, mwana wa mtemi Burito wa Wazanaki, alisoma Tabora katika shule ile ile iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa watawala.

Gavana Twining alidhani wahafidhina hawa wanaweza kufanywa ngome. Mwaka 1956 aliunga mkono chama cha UTP, kilichotaka siasa ya rangi zote kwa uwiano uliowapendelea wachache, na Mei 1957 akawakusanya watemi wa nchi nzima Mzumbe. Ngome haikusimama. Mwaka 1958 serikali ilipolazimisha halmashauri ya rangi mbalimbali Geita, watu walikataa, wakaandamana hadi Mwanza, askari wakatumia mabomu ya machozi, na watemi waliokubali halmashauri ile wakajikuta hawana raia. Khabari zilivuka mito hadi Ntuzu bila kuhitaji gazeti. Turnbull, aliyechukua hatamu za ugavana mwaka huo, alifahamu haraka. Ilipofika 1959 mkutano wa watemi wenyewe ulikuwa ukisema lugha ya TANU.

Lakini wazalendo nao hawakuwa kitu kimoja. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulipokubali kura tatu, yaani kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, Zuberi Mtemvu alijitenga akaunda ANC, akisema Afrika ni ya Waafrika. Katika uchaguzi wa rais wa 1962 alipata kura 21,276 mbele ya 1,127,978 za Nyerere, na watu wakaichukulia rai yake kuwa imezikwa. Haikuzikwa, kwa kuwa haikuwa yake peke yake. Mwaka uliotangulia, Oktoba 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, wabunge wa TANU yenyewe walitaka uraia ufuate rangi, na Nyerere akalazimika kutishia kujiuzulu ili wanyamaze.

Utemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Miaka ishirini baadaye hivi, wezi wa ng'ombe walipozidi na polisi kushindwa, wanakijiji wa Usukuma na Unyamwezi waliunda sungusungu, jeshi la umma lenye upinde na mbiu, na mkuu wake wakamwita ntemi. Umma ulikuwa umeyachukua mavazi ya wahafidhina na kuyavaa wenyewe. Ndani ya CCM, chama kilichoirithi TANU, wakubwa wakaipenda sungusungu, mahakimu na polisi wakaiogopa, hadi mwaka 1989 ilipopewa nafasi katika sheria.

Vyama vingi vilipoingia mwaka 1992, CCM ilikuwa tayari chama cha kuhifadhi. Mwaka 1993 wabunge wake 55, Njelu Kasaka akiwa mbele, walidai serikali ya Tanganyika, na Nyerere akawajibu kwa kitabu kizima. Mchungaji Mtikila nje ya chama alikuwa akiwapigia kelele wenye asili ya Asia. Bariadi ilichagua njia ya peke yake: John Cheyo wa UDP, mfanyabiashara aliyeitwa Bwana Mapesa, aliwaahidi wakulima fedha mifukoni wakati ambapo ushirika ulikuwa umelemewa na madeni na soko la pamba likifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mwaka 1995 alipata karibu asilimia 4 ya kura za urais nchini, na chama chake viti vitatu vya majimbo. Mwaka 2005 na 2010 Bariadi Mashariki ilikuwa yake, Bariadi Magharibi ikiwa ya Andrew Chenge wa CCM, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Watu wa damu moja, pamba moja, wamegawanywa na mpaka wa jimbo. Mwaka 2015 upande wa Cheyo, uliokuwa sasa jimbo la Itilima, ukarudi CCM.

Mwaka huo huo CCM ilimkata Lowassa, waziri mkuu wa zamani, katika uteuzi wa mgombea urais Dodoma, naye akahamia Chadema, na John Magufuli wa Chato akashinda kwa asilimia 58 akijiita mtetezi wa wanyonge. Sheria za 2017 juu ya mali asili zilisomwa vijijini kama mwendelezo wa ile kazi ya mizani, na wakubwa wa chama waliomnung'unikia, mmojawapo Bernard Membe aliyefukuzwa Februari 2020, waliitwa wasaliti kwa sauti ambayo Mtemvu angeitambua. Hata hivyo msimu wa 2019, serikali iliposhikilia bei ya shilingi 1,200 kwa kilo huku soko la dunia likishuka, wanunuzi walisita, na pamba ya Simiyu ikalala katika maghala ya vyama vya msingi miezi kadhaa, wakulima wa Bariadi, Itilima na Maswa wakiwauliza wabunge wao wa CCM, mkutano hata mkutano, watalipwa lini.