Nishati ya kapasita

Nishati ya kapasita ni nishati ya umeme inayohifadhiwa katika uga wa umeme ulio kati ya mabamba mawili ya kapasita, yaliyotenganishwa na kihami. Hupimwa kwa jouli (J). Kapasita ya kwanza, iitwayo chupa ya Leiden, ilibuniwa miaka ya 1745–1746 na Ewald Georg von Kleist na Pieter van Musschenbroek, kila mmoja kwa wakati wake.

Nchini Tanzania mada hii ni sehemu ya fizikia ya sekondari, ambayo hufundishwa kwa Kiingereza. Hata hivyo alama za C, Q na V anazozikuta mwanafunzi wa Kamsamba, mkoani Songwe, ni zilezile zinazotumika kote duniani.

Kanuni

Uwezo wa kapasita kuhifadhi chaji (C) hupimwa kwa faradi, chaji (Q) kwa kulombi na volteji (V) kwa volti. Uhusiano wake ni Q = CV. Nishati huandikwa kwa namna tatu zilizo sawa:

* E = ½QV
* E = ½CV²
* E = Q²/2C

Nusu inatokana na namna kapasita inavyojaa. Mwanzoni volteji yake ni sifuri, kisha hupanda kadiri chaji inavyoongezeka hadi kufikia V. Kwa hiyo wastani wa volteji wakati wa kujaza ni V/2. Betri hutoa nishati QV, lakini nusu yake hupotea kama joto katika waya na rezista.

Kuchagua kanuni

Kabla ya kukokotoa, ni lazima kujua kama betri bado imeunganishwa.

* Betri ikiwa imeunganishwa, V haibadiliki; hutumika E = ½CV².
* Betri ikiwa imeondolewa, Q haibadiliki; hutumika E = Q²/2C.

Mfano

Kapasita ya mikrofaradi 100 (F 0.0001) imejazwa kwa betri ya volti 12.

Chaji: Q = 0.0001 × 12 = kulombi 0.0012.
Nishati: E = ½ × 0.0001 × 12² = J 0.0072.

Kisha kapasita ya pili inayolingana nayo, isiyo na chaji, inaunganishwa nayo sambamba. Jumla ya C sasa ni F 0.0002.

Kama betri haikuondolewa: E = ½ × 0.0002 × 12² = J 0.0144.
Kama betri iliondolewa kwanza: E = 0.0012² ÷ (2 × 0.0002) = J 0.0036, na volteji hushuka hadi 6.

Jibu la kwanza ni mara nne ya la pili, ingawa kapasita ni zilezile. Katika hali ya pili chaji yote imebaki, ila nusu ya nishati imegeuka hasa kuwa joto wakati chaji inagawanyika.

Makosa mengine ya kawaida ni kusahau kugeuza mikrofaradi kuwa faradi na kusahau kipeo cha pili cha V.

Hatari

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230, na kilele chake ni takriban volti 325. Kapasita ya mikrofaradi 470 iliyojazwa hadi kilele hicho, kama zilizomo katika baadhi ya vifaa vya umeme, huhifadhi karibu J 25. Nishati hiyo inaweza kubaki baada ya kifaa kuzimwa na kuchomolewa, na inaweza kumdhuru fundi.

Kwa sababu hiyo kapasita huondolewa chaji kupitia rezista, si kwa kugusanisha miguu yake kwa bisibisi. Kwa rezista ya omu 10,000, kapasita hiyo hubaki na chini ya asilimia 1 ya volteji baada ya sekunde 24 hivi. Kabla ya kuigusa, volteji hupimwa kwa mita.