Kumtumia Rafiki Pesa kwa Simu: Historia ya Fedha Ndogo

Wanafunzi wa kompyuta hapa Uganda hupenda kubuni programu ya simu itakayomwezesha mwanafunzi kumtumia mwenzake pesa: za chakula, za kutoa nakala, za nauli ya bodaboda. Wazo ni jema. Ila wengi huanzia kwenye rangi na vitufe, ilhali historia ya jambo hili katika nchi zetu yaonyesha kuwa kioo cha simu ndicho sehemu nyepesi kuliko zote.

Kabla ya huduma yoyote rasmi, wananchi walikwisha kujibunia yao. Mtu wa Kampala aliyetaka kumsaidia mzazi wake alinunua kadi ya muda wa maongezi, akaikwangua, akampigia mwenye kibanda cha simu kijijini na kumsomea tarakimu. Mwenye kibanda aliingiza muda ule katika simu yake ili auze, akakata ujira wake, kisha akamkabidhi mzazi fedha taslimu. Hapakuwa na sheria wala risiti. Palikuwa na kuaminiana tu.

Nchini Kenya, mwaka 2005, kampuni ya Vodafone, kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza, ilianza jaribio pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo iitwayo Faulu. Nick Hughes na Susie Lonie, walioongoza kazi hiyo, walikusudia wakopaji walipe marejesho yao kwa simu. Wakopaji wakaigeuza: wakatumiana fedha wao kwa wao, jamaa kwa jamaa. Hapa ndipo ninapowasifu wabunifu wale, kwani waliuacha mpango wao wa kwanza wakawafuata watumiaji. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, ilitangazwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani.

Menyu yake iliwekwa ndani ya laini ya simu, hivyo hata simu ya bei rahisi kabisa iliweza kuitumia. Kila shilingi iliyoonekana simuni ilikuwa na shilingi ya kweli katika akaunti ya amana benki, ambayo kampuni haikuruhusiwa kuigusa kwa matumizi yake. Tena walikuwapo mawakala, wenye maduka madogo, waliopokea na kutoa fedha taslimu. Mwanafunzi abuniye programu leo hana budi kujibu swali lile lile: simu zote zikizimwa, fedha za rafiki yangu ziko wapi, na ni nani azilindaye?

Kwetu Uganda, MTN ilianzisha huduma yake mwaka 2009. Benki Kuu ilitoa miongozo mwaka 2013, na sheria kamili ya mifumo ya malipo ikaja mwaka 2020. Tangu hapo, kushika fedha za watu kwa njia ya simu bila leseni ni kosa, hata kama wenye fedha ni wanafunzi watupu.

Lakini lililowagusa wananchi zaidi ni bei. Julai 2018 serikali ilianza kutoza ushuru wa asilimia 1 ya thamani ya muamala, na fedha zile zile ziliweza kutozwa zaidi ya mara moja safarini. Watu wakaandamana Kampala. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge lilirekebisha sheria: ushuru ukashuka hadi asilimia 0.5, tena kwa kutoa fedha pekee. Tanzania nayo iliweka tozo ya miamala Julai 2021, na baada ya malalamiko ikaipunguza kwa asilimia 30 mwezi Septemba.

Marekebisho yale ya Uganda yana maana kubwa kwa mbunifu. Ikiwa mama muuza chakula aliye jirani na chuo atapokea malipo kwa simu, fedha alizotumiwa mwanafunzi hazitolewi taslimu, na ule ushuru wa kutoa hauziangukii. Ikiwa hapokei, programu nzuri kupita zote itamfikisha mwanafunzi kwa wakala, akatwe.

Kenya imejaribu njia nyingine. Machi 2020, wakati wa maradhi ya korona, ada za M-Pesa ziliondolewa kwa kutuma hadi shilingi 1,000. Msamaha huo ulikoma mwisho wa mwaka, ila kutuma shilingi 100 au pungufu kukabaki bure, na hizo ndizo fedha ambazo mwanafunzi humwomba mwenzake.