Ngoma ya Wageni Iliyoingia Hekaluni

Desemba 2025 ilitimia miaka kumi tangu UNESCO iziingize ngoma tisa za Bali, Indonesia, katika orodha ya urithi wa utamaduni. Matangazo ya utalii huzichanganya zote, ila Wahindu wa Bali hawazichanganyi. Za wali ni za ua wa ndani wa hekalu, bebali ni za ua wa kati, na balih-balihan ni za nje, za kutazamwa tu. I Made Bandem na Fredrik deBoer walikijenga kitabu chao cha 1981, Kaja and Kelod, juu ya mipaka hiyo ya ua.

Uholanzi ilikamilisha kuiteka Bali mwaka 1908. Chini ya utawala huo, miaka ya 1930, Mjerumani Walter Spies na mchezaji Wayan Limbak wa Bedulu waliichukua kwaya ya wanaume ya sanghyang, ibada ya kufukuza maradhi ambamo mabinti wadogo hupandwa na roho, wakaitia kisa cha Ramayana, utenzi wa Kihindu. Ikawa kecak, inayochezwa hadi leo mbele ya watalii pale Uluwatu.

Ugomvi kuhusu mipaka ya ua ulikuja baada ya uwanja wa ndege wa kimataifa kufunguliwa mwaka 1969. Wageni walimiminika, na Pendet, ngoma ya wanawake wanaobeba maua na ubani kuwakaribisha miungu hekaluni, ikatumiwa kuwakaribisha watalii. Petali zilizokuwa za miungu akamwagiwa mtu aliyelipa kiingilio! Wakuu wa dini na wasanii walikutana jijini Denpasar Machi 1971 kuamua lipi la ibada na lipi la burudani. Hoteli zikahitaji ngoma mpya, na I Wayan Beratha akatunga Panyembrama, yenye maua yaleyale lakini isiyo ya miungu.

Kilichofuata hakikutarajiwa. Mabinti waliofundishwa Panyembrama shuleni walirudi vijijini, na siku ya sherehe wakaicheza hekaluni, kwa kuwa ndiyo waliyoijua. Ngoma iliyotungwa kuikinga ibada ikaingia kwenye ibada. Wapo wanaosema mipaka ilivunjika. Mimi naona heshima kubwa hapo: binti aliwatolea miungu kilicho bora alichokuwa nacho.

Mwaka 2019 serikali ya mkoa na taasisi za dini na mila zilikataza ngoma takatifu kuchezwa nje ya ibada, na zilifanya vyema. Inaudhi kuona simu zikiinuliwa usoni pa anayesali. Rejang, mojawapo ya ngoma hizo takatifu, ni sala, si maonyesho, wala haingoji mabingwa: mabinti na bibi wenye mvi hupanga mstari mmoja, wakaenda polepole mbele ya madhabahu, ncha za vidole zikishika ukingo wa mshipi.

Msafiri anayetaka kuiona aulizie odalan, sikukuu ya hekalu ambayo kwa mahekalu mengi hurudi kila siku 210. Avae kamben, kitambaa cha kujifunga kiunoni, afunge mshipi juu yake, akae chini kuliko kuhani, asikatize mbele ya wanaosali. Tiketi haiuzwi.