Sukari Moja, Mahali Pawili

Saratani nyeusi ya ngozi, iitwayo melanoma, haiogopwi sana kwa baka lake la kwanza. Baka likiwahiwa hukatwa, na mara nyingi mgonjwa hupona. Kinachoua ni safari yake: chembe hai chache huihama ngozi, huingia katika mishipa ya limfu na ya damu, zikafanya maskani mapya katika mapafu, ini au ubongo. Sehemu ya siri ya safari hiyo imo katika vazi la sukari lililozifunika chembe hizo. Vazi hilo hushonwa na vimeng'enya, na kila kimeng'enya kina mshono wake.

Uchunguzi mwingi ulifanywa juu ya melanoma ya panya iliyozuka Marekani mwaka wa 1954 na kupewa jina la B16. Mwaka wa 1973 Isaiah Fidler alitwaa chembe zake zilizofika mapafuni, akazikuza, akazitia katika damu ya panya wengine, akarudia hivyo tena na tena. Kadiri alivyorudia ndivyo zilivyozidi uhodari wa kuenea.

Huko Basel, Uswisi, Tien-wen Tao na Max Burger walishika njia ya kinyume. Waliziweka chembe za B16 pamoja na protini itokayo katika kiini cha mbegu ya ngano, ambayo hunasa sukari za juu ya chembe na kuziua. Zilizosalimika, walieleza mwaka wa 1977, zilikuwa zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuenea. Mwaka wa 1982 Jukka Finne, Burger na Prieels wakaipata sababu ya usugu huo: kimeng'enya kinachopachika sukari iitwayo fukosi kilikuwa kimezidi mno. Mwenye haraka angehukumu hapo kwamba fukosi ni adui wa kuenea, naye angekosea.

Mwaka wa 2017 kundi la Eva Hernando na Lara Mahal, huko New York, lililinganisha melanoma za wagonjwa: zilizokuwa bado mahali pa asili na zilizokwisha kuenea. Katika hizo za pili fukosi ya namna moja ilikuwa imezidi. Lakini fukosi ya Basel ilikaa kwenye matawi ya mnyororo wa sukari. Hii ilikaa shinani, pale mnyororo unaposhikana na protini, nayo ilipachikwa na kimeng'enya kingine, FUT8. Kimeng'enya hicho kilipozimwa, chembe zilipungukiwa nguvu ya kupenya na kuenea. Protini mojawapo iliyohusika ni L1CAM, ambayo hukatwa kwa urahisi zaidi ikikosa fukosi ya shina, na kipande kilichokatwa hakiisaidii tena chembe kupenya.

Je, si basi FUT8 izimwe kwa dawa? Watafiti wa Japani walikwisha kueleza, mwaka wa 2005, habari za panya waliozaliwa bila kimeng'enya hicho: wengi walikufa katika siku tatu za mwanzo, na waliosalia walidumaa, mapafu yao yakaharibika.