Kiwanda: mpango na mpangilio
Kiwanda (ki-/vi-) si lazima kiwe na kuta. Neno lina nasaba na *uwanda*, na mahali pa wazi pa kuundia vyombo ni kiwanda pia.

*Mpango* wa kiwanda hutaja hatua katika wakati: mkuku kwanza, kalafati mwisho. *Mpangilio* hutaja nafasi, na maneno haya huchanganywa bila sababu. Fundi wa mashua Kiongoroni, katika delta ya Rufiji, huchagua mahali kwa kutazama maji ya bamvu, yajayo karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mkuku ukilazwa chini mno, maji huvuruga kazi kila siku. Ukilazwa juu mno, chombo kilichokamilika hakishuki. Hilo ni kosa la mpangilio, hata kama mpango ulifuatwa hatua kwa hatua.