Yubari: Mji wa Makaa na Daftari

Katika milima ya kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, umo mji uitwao Yubari. Makaa ya mawe yaligunduliwa huko mwaka 1888, na katika bonde lake jembamba ukakua mji ambao mwaka 1960 ulikuwa na watu wapatao 117,000. Kisha Japani iligeukia mafuta, na migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1981 gesi na moto viliua watu 93 chini ya ardhi. Mwaka 1990 mgodi wa mwisho ulifungwa.

Makampuni yalipoondoka, halmashauri ya mji ilirithi nyumba na hospitali, ikajenga na mahali pa starehe ili kuvuta watalii. Mapato hayakutosha. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Yubari ilikuwa na daftari, ila daftari lenyewe ndilo lililoficha habari: mikopo ya muda mfupi ilipitishwa hesabu hii hadi ile, upungufu usionekane. Mwaka 2007 mji ulitambuliwa rasmi kuwa umefilisika, kwa deni la yen bilioni 35 hivi, la kulipwa hadi mwaka 2027. Hospitali ya vitanda 171 ikawa zahanati ya vitanda 19. Shule za msingi zikaunganishwa, ikabaki moja. Vijana wakahama.

Sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu wapatao 7,300, wengi wao wazee, na wakulima wa matikiti matamu yaliyoupa mji sifa mpya. Waliokopa walikwisha kuondoka. Waliobaki ndio waliolipa.