Kalafati: kinga ya kwanza ya mashua ya mbao

Kalafati ni pamba inayoshindiliwa kati ya mbao za chombo ili maji yasipenye. Kwa wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki, uzembe katika kazi hiyo huweza kugharimu maisha, hasa msimu wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, bahari inapochafuka.

Wakati ufaao ni maji ya bamvu, mwezi unapoandama au kuwa mpevu. Bahari hupwa mbali, na mashua iliyoegemezwa ufukoni hubaki kavu kwa saa kadhaa.

Kwanza pamba chakavu huondolewa. Pamba mpya husokotwa, huchovywa katika mafuta na kushindiliwa kwa patasi butu. Haifai kuzidisha: mbao hufura zinapolowa, na pamba iliyojaa mno huzisukuma hadi misumari ikalegea.

Sehemu inayozama hubabuliwa kwa moto wa makuti ili kuua viumbe watoboao mbao, kisha hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Viumbe hao huingia wakiwa wadogo mno na kukulia ndani. Tundu la nje huwa dogo ilhali ubao umekwisha kuliwa.

Chombo kisichotumika kiwekwe kivulini, kwani jua hupanua nafasi za maungio. Maji ya mvua yaliyotuama ngamani yatekwe upesi. Huozesha mbao kuliko maji ya chumvi.

Mashua ikishushwa, kuvuja kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Kuvuja kukiendelea baada ya mbao kufura, irudishwe ufukoni kabla ya kutweka tanga.